Mdogo wangu anataka kugandishiwa tishu ya ovari: je, ameze vidonge vya antioksidanti?

SWALI: Daktari, mdogo wangu ana miaka 24. Amegunduliwa kuwa na saratani ya tezi aina ya Hodgkin, na hospitali hapa Nairobi imetuambia kemo ianze baada ya wiki mbili hivi. Familia inafikiria kumpeleka India kwanza agandishiwe kipande cha ovari, ili akipona aweze kupata watoto. Nimesoma kwamba antioksidanti, yaani vitu vinavyozima kemikali zinazochakaza seli, hulinda tishu iliyogandishwa isiharibike. Duka moja la virutubisho mjini limeniuzia vitamini E ya nguvu, melatonin na koenzaimu Q10, wakasema azimeze zote kuanzia sasa. Shangazi naye ameleta unga wa mlonge. Je, ameze? Na je, tutafute hospitali ambayo maabara yake hutia antioksidanti? – Dada wa mgonjwa, Donholm.

JIBU: Pole sana kwa habari hizo, dada, na umefanya vizuri kuuliza kabla chupa hazijafunguliwa. Swali lako la kwanza lina jibu fupi: asimeze. Viweke vidonge vyote kabatini mpaka daktari wake wa saratani avione, chupa kwa chupa. La pili linahitaji maelezo. Lakini kuna jambo ambalo hukuliuliza na ambalo kwangu lina uzito kuliko hayo mawili: mdogo wako anapewa kemo gani? Nitalifikia.

Tuanze na hicho kinachogandishwa. Akiba ya mayai ya mwanamke haikukaa katikati ya ovari. Karibu yote imo kwenye ganda la nje, unene wa milimita moja au mbili tu, kila yai likiwa limezungukwa na safu moja ya seli bapa. Kifurushi hicho huitwa folikuli changa. Ni kidogo mno: ukizipanga mstari utahitaji ishirini na kitu kufikisha milimita moja. Daktari wa upasuaji huingia kwa matundu madogo tumboni, akachukua ovari moja au sehemu yake. Maabara hukwangua nyama laini ya ndani, hubakiza ganda lenye unene wa kama milimita moja, hulikata vipande, na kuvilowesha kwenye mchanganyiko wa DMSO au ethilini glikoli, sukari na albumini. Dawa hizo huingia ndani ya seli na kuchukua nafasi ya sehemu ya maji, ili barafu isichane kuta za seli. Kisha mashine hushusha joto polepole sana, chini ya nyuzi moja kwa dakika katika hatua muhimu, na mwishowe vipande hutumbukizwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Naitrojeni hiyo si ngeni kwetu. Ndiyo wanayobeba wapandishaji wa ng'ombe kwenye mitungi nyuma ya pikipiki, na ndiyo iliyohifadhi mbegu za mafahali pale Kabete kwa miongo mingi.

Sasa, hapa ndipo ule usemi wa "kulinda tishu iliyogandishwa" unapowapoteza watu. Kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri hakuna kinachotendeka. Maji yameganda, vimeng'enya vimesimama, oksijeni haiwezi kushambulia chochote. Kipande kilicholala humo mwaka mmoja na kilicholala miaka kumi havina tofauti ya maana. Kwa hiyo antioksidanti haina kazi wakati tishu imelala. Kama ina faida, faida hiyo iko kwenye nyakati za kupita: tishu inapotoka mwilini na kusafirishwa, inapoganda, inapoyeyushwa, na hasa siku za kwanza baada ya kurudishwa mwilini.

Katika nyakati hizo hatari yenyewe ni ya kweli, sitaki udhani ni porojo za wauzaji. Seli yoyote inayotumia oksijeni huvujisha kiasi kidogo cha radikali huru kutoka kwenye mitokondria, zile injini zake za nishati. Ni molekuli zenye njaa ya elektroni: hupora jirani, jirani naye hupora mwenzake, na mlolongo huo ukifika kwenye mafuta ya kuta za seli, kuta huanza kuoza. Katika hali ya kawaida mwili una askari wake, kama glutathioni na vimeng'enya vya katalesi, wanaozizima papo hapo. Tishu ikikatwa kutoka kwenye damu, askari hao hupungua. Halafu oksijeni inaporejea kwa ghafla, mitokondria zilizochoka humwaga radikali nyingi kwa mara moja. Ndiyo maana ajabu moja ya tiba ya upandikizaji ni kwamba kurudi kwa damu, ambako ndiko kunakookoa tishu, kunaijeruhi pia.

Uharibifu mkubwa uko wapi katika safari hii yote? Kondoo walitusaidia kujua. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, timu ya Edinburgh iligandisha ganda la ovari za kondoo, ikaliyeyusha na kulirudisha kwa kondoo walewale, ikahesabu folikuli. Kuganda na kuyeyuka kulipoteza takriban asilimia 7. Kukosa damu baada ya kupandikizwa kulipoteza karibu theluthi mbili. Hebu zitazame tena hizo namba mbili, kwa sababu zinapindua swali lako. Watu huogopa friza, kumbe friza ni hatari ndogo. Kipande kinaporudishwa hakishonwi na mshipa wowote wa damu. Huwekwa tu kwenye kitanda chake, kama mche wa sukuma wiki uliong'olewa kitaluni na kupandwa shambani bila mizizi yake yote, ukisubiri ishike mingine kabla jua halijaukausha. Kwa tishu ya binadamu, vipimo vilivyofanywa kwa kuipandikiza kwenye panya vinaonyesha kwamba oksijeni hurejea vizuri kati ya siku ya 5 na ya 10. Siku hizo chache ndizo hula akiba.

Kuna hasara nyingine ambayo haitajwi sana madukani. Folikuli changa zilizonusurika huamka kwa wingi kwa pamoja, zikaanza kukua kabla ya wakati wake, na zikishaanza hazirudi kulala. Akiba ya miaka mingi inaisha mapema. Sehemu ya tatizo hili ni ya ishara za ukuaji, si ya radikali huru, na antioksidanti peke yake haiwezi kulitibu.

Je, watafiti wamejaribu nini? Mengi. Mwaka 1998 kundi la Uingereza lilionyesha kwamba panya waliopewa vitamini E walipoteza folikuli chache zaidi kwenye ovari zilizopandikizwa. Baada ya hapo ikaja melatonin, ambayo wengi wanaijua kama homoni ya usingizi lakini pia huzima radikali huru. Ikaja N-acetylcysteine, ambayo ni malighafi ya glutathioni na ambayo hospitali zetu huitumia kwa mtu aliyemeza panadol kupita kiasi. Zikaja vitamini C, seleniamu, resveratrol ya maganda ya zabibu, na dawa za majani ya chai ya kijani. Zimejaribiwa kwenye ovari za panya, kondoo, mbuzi na ng'ombe, na kwenye vipande vya ovari za binadamu vilivyopandikizwa kwa panya wasio na kinga. Mara nyingi matokeo yanaelekea upande uleule: alama za uozo wa mafuta hupungua, seli zinazojiua hupungua, folikuli zenye umbo zuri huongezeka.

Ukisoma mfululizo wa matokeo kama hayo ni rahisi kusema basi, tuzitie zote. Mimi sisemi hivyo, na nitakueleza kwa nini.

Kwanza, panya si mdogo wako. Ovari ya panya ni ndogo, na damu huirudia ndani ya siku mbili tatu. Kipande cha binadamu kina nyuzinyuzi nyingi na husubiri zaidi ya hapo. Dawa inayofaa kuvukisha siku mbili si lazima ivukishe wiki. Pili, kinachohesabiwa katika tafiti nyingi ni folikuli chini ya darubini na kemikali kwenye kichupa, siyo mimba, sembuse mtoto aliyezaliwa. Folikuli inaweza kuonekana nzuri kwa rangi ya maabara na isitoe yai linalofaa. Na hili la mwisho ndilo wauzaji wasilolipenda: dozi. Vitamini C kwenye kichupa chenye chuma huru hugeuka na kuzalisha radikali badala ya kuzizima, na jeraha jipya la upasuaji lina damu, damu ina chuma. Isitoshe, radikali kidogo zinahitajika. Tishu yenye kiu ya oksijeni huzitumia kama sehemu ya ishara za kuita mishipa mipya ya damu. Ukizizima zote, unaweza kuzima pia ule wito ambao tishu inautegemea ili iishi.

Ngoja niongeze jambo dogo ambalo hunifurahisha kila nikilifikiria. DMSO, ile dawa ya kuzuia barafu, yenyewe huzima radikali ya haidroksili, ambayo ni katili kuliko zote. Na albumini, ile protini inayotiwa kwenye mchanganyiko, ni mojawapo ya antioksidanti kuu za damu yetu. Maana yake, maabara inayofuata itifaki ya kawaida tayari inatia antioksidanti, ingawa haikuandika hivyo kwenye kijitabu cha matangazo.

Kwa hiyo usiichague hospitali kwa sababu inatangaza melatonin kwenye maabara. Wala usiikimbie kwa sababu hiyo, mradi wanafanya hivyo ndani ya utafiti ulioidhinishwa na kamati ya maadili na mdogo wako ameelezwa akasaini. Ila mtu akikutoza pesa za ziada kwa "kifurushi cha antioksidanti", mwulize ni watoto wangapi wamezaliwa kutokana na kifurushi hicho wakilinganishwa na wasiokipata. Kisha nyamaza usikilize.

Turudi kwenye vidonge, maana hapa si suala la pesa kupotea tu. Kemo ya kawaida ya Hodgkin huitwa ABVD, herufi za dawa nne. Ile B ni bleomycin, na bleomycin huua seli ya saratani kwa kuzalisha radikali huru juu ya DNA yake na kuikata. Mionzi nayo, kama itahitajika kifuani, sehemu kubwa ya kazi yake hufanywa na radikali hizohizo. Ukimjaza mgonjwa antioksidanti za dozi kubwa, kuna hatari unaipa saratani ngao uliyoikusudia ovari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliofuatilia wanawake wa saratani ya matiti waliokuwa kwenye jaribio la kemo, uliona kwamba waliotumia vidonge vya antioksidanti kabla ya kemo na wakati wa kemo walielekea kurudiwa na ugonjwa zaidi ya wasiotumia. Tofauti hiyo haikufikia kiwango cha uhakika wa kitakwimu, na mimi siichukulii kama hukumu. Lakini mgonjwa wa Hodgkin mwenye miaka 24 ana nafasi kubwa ya kupona kabisa. Sioni sababu ya kuichezea nafasi hiyo kwa kidonge ambacho faida yake haijathibitishwa kwa mwanamke hata mmoja aliye katika hali yake.

Vitamini E ya dozi kubwa ina tatizo lingine la karibu zaidi: hupunguza uwezo wa damu kuganda. Mtu anayekwenda kukatwa ovari haitaki. Na kwa wale wanaodhani vitamini haiwezi kumdhuru mtu, kuna historia. Jaribio kubwa la Finland lililotoa matokeo mwaka 1994 liliwapa wavutaji sigara beta-karotini likitarajia kuwakinga. Waliopewa walipata saratani ya mapafu zaidi. Jaribio la Marekani la vitamini E kwa wanaume, matokeo yake ya mwaka 2011, liliishia na ongezeko la asilimia 17 la saratani ya tezi dume. Hao hawakuwa wagonjwa kama mdogo wako, najua. Ninachotaka uone ni kwamba vitu hivi ni dawa zenye nguvu ya kwenda pande zote mbili.

Tena kumeza hakufikishi dawa pale unapotaka. Tishu ikitoka mwilini husafishwa na kuloweshwa upya mara kadhaa. Kilichokuwa kwenye damu kwa sababu ya kidonge cha jana hakina nafasi kubwa kwenye kichupa cha leo.

Shangazi usimvunje moyo. Majani ya mlonge yakipikwa kama mboga ni chakula kizuri, sawa na mchicha, managu, maembe na manjano kwenye mchuzi. Mdogo wako ale vizuri, ale protini, chakula kisafi kilichopikwa kikaiva, kwa sababu kemo itashusha kinga yake. Unga wa mlonge wa vijiko kwa vijiko kila siku, au manjano yaliyokamuliwa yakawa vidonge, hilo ni jambo jingine: ini ndilo linalosafisha kemo, na halihitaji mizigo ya pembeni. Mwambie shangazi alete majani.

Sasa lile la kemo. Kabla hamjakata tiketi yoyote, mwulizeni daktari wa saratani: ni ABVD au ni BEACOPP, ule mchanganyiko mwingine wa dawa za kemo? Tofauti ni kubwa. ABVD haina dawa zile zinazoua folikuli changa kwa wingi, na kwa mwanamke wa miaka 24 hatari ya ovari kufa kwa sababu yake ni ndogo. Wengi huona hedhi ikirudi na hushika mimba kwa njia ya kawaida. BEACOPP ya dozi kubwa ina cyclophosphamide na procarbazine, na hizo mbili ni adui wa ovari hasa. Kama ni ABVD pekee, kumkata msichana ovari yenye afya ili kuikinga dhidi ya dawa ambayo pengine isingeiua ni biashara ambayo mimi ningeifikiria mara mbili. Kama ni BEACOPP, au kama ugonjwa umerudi na wanazungumzia kupandikiza seli za uboho, basi mazungumzo ya kugandisha ni ya lazima na ni ya haraka.

Utaniuliza: akianza ABVD halafu ugonjwa urudi, mlango hautakuwa umefungwa? Si lazima. Mtoto aliyezaliwa Israeli mwaka 2005 kwa njia hii alitokana na tishu iliyochukuliwa baada ya kemo ya kwanza kushindwa kumponya mama yake saratani ya limfu. Ni bora kuchukua kabla, lakini kuchelewa si kufa.

Kuna njia ya pili ambayo huenda inamfaa zaidi: kugandisha mayai yenyewe. Njia hiyo inahitaji sindano za homoni kwa siku kama 10 hadi 14, kisha mayai huvutwa kwa sindano bila kukata tumbo. Wiki mbili mlizopewa zinaweza kutosha, kama daktari wa saratani ataridhia, na kazi hiyo hapa Nairobi si ngeni: vituo vya IVF vimekuwapo tangu miaka ya 2000. Tishu ya ovari inashinda pale ambapo hakuna siku hata kumi za kusubiri, au mgonjwa ni mtoto ambaye hajavunja ungo na hivyo hana mayai ya kuvutwa. Hapo haina mshindani. Mfano ambao wasomaji wa magharibi mwa Kenya na wa Pwani wanapaswa kuusikia ni wa msichana mwenye selimundu aliyehamia Ubelgiji kutoka Kongo. Alitolewa ovari akiwa na miaka 13, kabla ya hedhi ya kwanza, ili apandikizwe uboho. Zaidi ya miaka kumi baadaye alirudishiwa vipande vyake, na mwaka 2014 akajifungua.

Kwa Hodgkin kuna tahadhari moja ya usalama ambayo ndugu wa mgonjwa hawaambiwi mapema. Ugonjwa huu hupenda kukaa kwenye tezi za katikati ya kifua. Uvimbe ukiwa mkubwa hapo, kumlaza mgonjwa chali na kumpa nusukaputi kunaweza kufunga njia ya hewa. Kwa hiyo picha ya CT ya kifua lazima ionwe na daktari wa nusukaputi kabla upasuaji wowote haujapangiwa tarehe, uwe wa India au wa hapa. Nikiona kifua chenye uvimbe mkubwa, mimi huacha kabisa kuzungumzia ovari mpaka mtu wa nusukaputi aseme neno lake.

Mkiamua kugandisha tishu, mjue mnachonunua. Mtoto wa kwanza duniani kutokana na tishu iliyorudishwa kwenye ovari alizaliwa Ubelgiji mwaka 2004, katika timu ya Profesa Jacques Donnez. Mama yake alikuwa mgonjwa wa Hodgkin kama mdogo wako. Tishu yake iligandishwa mwaka 1997 akiwa na miaka 25, ikarudishwa mwaka 2003. Tangu hapo wamezaliwa zaidi ya 200, na mwaka 2019 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kiliacha kuiita mbinu hii ya majaribio. Wengi wa watoto hao wametokana na ugandishaji wa polepole, si ule wa papo kwa papo, japo nao una watoto wake. Tishu ikirudishwa, hedhi huchukua kama miezi minne au mitano kurejea, na kipande huweza kufanya kazi miaka kadhaa. Kati ya robo na theluthi ya wanawake waliorudishiwa wamepata mtoto. Si ahadi, lakini si ndoto pia. Umri wa mdogo wako unamsaidia sana: vituo vingi havipendi kuwagandishia wenye zaidi ya miaka 35, kwa sababu akiba huwa imeshuka mno kuweza kustahimili ile hasara ya theluthi mbili niliyoitaja.

Hofu ya kurudisha saratani pamoja na tishu ni halali. Kwa saratani ya damu, yaani lukemia, ni hofu kubwa, kwa sababu seli zake hutembea kila mahali. Kwa Hodgkin ni ndogo. Hata hivyo kipande kimoja lazima kipelekwe kwa mtaalamu wa patholojia kichunguzwe.

Mkifika kwenye simu na hospitali, acheni habari za antioksidanti na mwulize haya. Kuanzia ovari inapotoka tumboni hadi inapoingia kwenye mashine, ni saa ngapi, na inasafirishwa kwenye barafu au kwenye mfuko wa kawaida? (Denmark na Ujerumani husafirisha ovari kwa saa kadhaa hadi maabara kuu, na watoto wanazaliwa, siri yao ni baridi na mpangilio.) Je, huyeyusha kipande kimoja cha majaribio na kuhesabu folikuli zilizo hai? Wameshawarudishia wanawake wangapi, na wangapi wamejifungua, maana kugandisha ni rahisi na kurudisha ndiko kuna kazi. Mtungi wa naitrojeni una king'ora, na nani huujaza siku za sikukuu? Mtungi wenyewe hautegemei umeme, hivyo stima ikikatika usiwe na wasiwasi, lakini ukisahauliwa hukauka. Na je, wanaruhusu tishu ihamishwe kwenye mtungi maalum wa safari, ikiwa mdogo wako atataka kurudishiwa Nairobi au kwingine? Hilo la mwisho andikisheni. Fomu iseme pia ada ya kila mwaka ni kiasi gani, nani ana haki ya kuamua akifariki, na kituo kikifungwa tishu inakwenda wapi. Familia nyingi husaini ukurasa huo zikiwa na machozi, bila kuusoma.

Mtasikia pia habari ya sindano ya goserelin ya kila mwezi ya kulaza ovari wakati wa kemo. Kwa saratani ya matiti isiyotegemea homoni, jaribio la mwaka 2015 liliona ovari zikifa kwa asilimia 8 ya waliochomwa na asilimia 22 ya wasiochomwa. Kwa wagonjwa wa limfoma, ile jamii ya saratani ambayo Hodgkin imo, waliofuatiliwa kwa miaka, faida hiyo haikuonekana. Akichomwa ili kuzuia hedhi nzito wakati chembe za kugandisha damu zimeshuka, sawa. Asiichukue kama badala ya kugandisha.

Cha kufanya wiki hii, basi. Mwombe daktari wa saratani barua yenye jina la kemo na idadi ya mizunguko, hatua ya ugonjwa, na tarehe ya mwisho kabisa ambayo kemo inaweza kusubiri bila madhara. Chukua ripoti ya CT ya kifua. Apimwe AMH, kipimo cha damu kinachokadiria akiba ya mayai, kwa kuwa baada ya kemo ya kwanza namba hiyo hushuka na haitatuambia alianzia wapi. Nendeni na karatasi hizo kwa mtaalamu wa uzazi hapahapa Nairobi kabla ya kuzungumza na India, na mdogo wako awepo kwenye chumba, aulizwe yeye anataka nini, kwa sababu katika barua yako nimemsikia shangazi na muuza duka lakini yeye sijamsikia. Barua ya daktari ikitoka na jina la kemo, niandikie tena kabla ya kulipa tiketi.